Programu ipi ya kuchoma DVD? Kwanza niambie itachezwa wapi

*Shikamoo fundi. Dada yangu ameolewa mwezi uliopita hapa Tanga, na mpiga video ametukabidhi kazi yake kwenye flashi: faili moja ya MP4, GB 3.9, saa mbili na dakika kumi. Bibi yetu yuko Lushoto, hana simu janja, ila ana televisheni na deki ya DVD. Wazee wengine watano nao wanataka nakala. Nilinunua DVD-R kumi. Ya kwanza nilichoma kwa Windows 10 yenyewe. Ilipouliza aina ya diski nikachagua ile ya kutumia kama flashi. Kwenye laptopu inacheza, kwenye deki inaandika NO DISC. Ya pili nikachagua lile chaguo jingine, deki ikaonyesha jina la faili lakini haichezi. Ya tatu nilitumia programu niliyopakua. Ikacheza vizuri, ila kuna maandishi ya tangazo usoni kwa bibi harusi mwanzo hadi mwisho, mpaka nilipie. Ya nne nilichoma kwa kasi ya 16x ikakwama karibu na mwisho. Rafiki akanipa Nero iliyokrekiwa, na tangu niiweke laptopu imekuwa nzito. Programu bora ni ipi, na ni lazima nilipie? Halafu mjomba anataka kaswida za siku ile kwenye CD ya redio ya gari lake la zamani. Zimebaki diski sita.*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa harusi. Umeniuliza programu bora, lakini ukizitazama hizo diski nne utaona kila moja imekufa kwa ugonjwa wake, na ugonjwa wa programu mbaya ni mmoja tu kati yao. Kwa hiyo nikikutajia jina la programu sasa hivi na kukuaga, nina hakika utaziharibu na hizo sita.

Watu wengi hudhani programu ndiyo inayochoma, na kwamba ya kulipia inachoma vizuri kuliko ya bure. Anayechoma ni draivu iliyomo ndani ya laptopu yako. DVD-R ina tabaka jembamba la rangi lililobanwa katikati ya vipande viwili vya plastiki, na ndani yake kuna mfereji mmoja mrefu unaozunguka kuanzia karibu na tundu la kati kwenda ukingoni. Leza ya draivu inaufuata mfereji huo, na pale inapoongeza nguvu rangi inaungua na kuacha alama. Deki ya bibi inakuja baadaye na leza hafifu, inapita juu ya alama hizo na kusoma mwanga unaorudi. Neno letu la "kuchoma" halikukosea hata kidogo.

Programu yenyewe ni karani. Inapanga kitakachoandikwa, inaandika orodha ya vilivyomo, inaikabidhi draivu mzigo, na mwisho inaiambia ifunge. Makarani wote wanatoa amri zilezile kwa draivu ileile. Wanachotofautiana ni namna ya kuupanga mzigo kabla haujafika kwenye leza, na hapo ndipo wewe ulipoteleza mara mbili.

Tuanze na diski ya kwanza. Chaguo la Windows la kutumia diski kama flashi linaandika vipande kidogo kidogo, kila unapoburuta faili, na diski inabaki katika hali ambayo kompyuta inaielewa. Deki ya sebuleni haina subira hiyo. Ikimeza diski, kitu cha kwanza inachotafuta ni orodha iliyoandikwa mwanzo kabisa wa mfereji, kwa mpangilio wa DVD ya kawaida na ikiwa imefungwa rasmi. Isipoikuta inaona kama umeiwekea sahani tupu, ndiyo maana ya NO DISC. Haikumaanisha diski yako ni feki, ingawa najua muuzaji alishalaumiwa.

Diski ya pili ndiyo inayowatesa watu wengi zaidi, na hapa Windows nayo ina lawama. Chaguo la pili linaitwa "With a CD/DVD player". Mtu yeyote mwenye akili timamu akisoma hivyo atadhani anatengeneza DVD ya kuchezwa kwenye deki. Kumbe chaguo hilo linapanga mafaili kwa mtindo wa zamani unaosomeka na mashine nyingi na kuifunga diski, basi. Halibadilishi video yako. Ulichoma MP4, na deki ikaikuta MP4. Deki iliisoma diski vizuri, ndiyo maana jina la faili lilionekana, ila ndani ya faili hiyo picha zimebanwa kwa lugha isiyoijua.

DVD za filamu zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996, na lugha yake ya picha ni MPEG-2. MP4 nyingi za leo zimebanwa kwa H.264, iliyokuja mwaka 2003, na baadhi ya simu mpya zinatumia H.265, changa zaidi. Deki ya kawaida ina chipu iliyotengenezwa kufumbua MPEG-2, na nyingi zinaongeza aina ya AVI inayoitwa DivX au Xvid. H.264 haimo. Kubadilisha jina la faili kutoka .mp4 kwenda .avi, kama wanavyoshauriana vijana, ni sawa na kumvisha mbuzi ngozi ya kondoo ukategemea sufu.

Sasa unaona kwamba unahitaji kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kuitengeneza DVD ya filamu: kuigeuza video iwe MPEG-2, kuikata vipande, na kuipanga ndani ya folda iitwayo VIDEO_TS yenye mafaili ya VOB. Ya pili ni kuichoma. Programu nyingi zinazosifiwa kwa kuchoma haziijui kabisa kazi ya kwanza. ImgBurn haigeuzi MP4 kuwa filamu ya DVD. CDBurnerXP vilevile. Mtu anazipakua, anatupia MP4 yake, anapata diski kama ile yako ya pili, kisha anasema programu za bure hazifai.

Kwa kazi ya kwanza ningekupa DVDStyler. Ni ya bure, haiweki tangazo usoni kwa mtu, na inafanya kazi kwenye Windows na Linux. Sura yake haivutii, nakubali, na menyu inazokutengenezea zina maua ya kizamani ambayo bibi pengine atayapenda kuliko wewe. Ukianzisha mradi mpya itakuuliza mambo machache. Ukubwa wa diski: GB 4.7. Mfumo wa picha: PAL, ndio unaotumika kwetu, wenye picha 25 kwa sekunde. Umbo: 16:9 kama video ilipigwa pana, na siku hizi karibu zote ni pana. Ubora wa picha uache ujipange wenyewe. Kisha buruta faili yako ndani.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu watu huhesabu vibaya. Unaona GB 3.9 na diski ya GB 4.7, unasema inaenea na chenji inabaki. Kwa DVD ya filamu ukubwa wa MP4 hauhesabiki, maana faili inageuzwa upya. Kinachohesabiwa ni dakika. Nafasi ya diski ni ileile, kwa hiyo kadiri video inavyokuwa ndefu ndivyo kila sekunde inavyopata chakula kidogo. Saa moja inaweza kula mpaka ishibe, karibu na kikomo cha DVD cha megabiti 9.8 kwa sekunde kwa upande wa picha. Saa mbili na dakika kumi kama yako itapata kidogo chini ya megabiti 5, sauti ikiwemo. Hiyo inatosha kwa televisheni ya kawaida. Ukifika saa tatu unabaki na 3 na nusu, na hapo ukumbini, taa za rangi zikizunguka na watu wakicheza, utaona picha ikivunjika vigae vigae. Harusi ya saa tatu igawe diski mbili, ndoa diski moja na ukumbi diski nyingine. Wapiga video wa zamani walikuwa wakifanya hivyo na hawakuwa wajinga.

Jambo dogo la pembeni: ukiweka DVD tupu Windows itakuambia nafasi ni GB 4.37. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa elfu elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Kabla ya kubofya kitufe cha kuchoma, iambie DVDStyler itengeneze faili ya ISO na isiguse diski bado. ISO ni diski nzima ikiwa ndani ya faili moja. Laptopu ya zamani itachukua saa kadhaa kuigeuza video yako, hivyo ianzishe usiku, iwe kwenye umeme, na hakikisha una nafasi ya kama GB 10 tupu. Asubuhi fungua ISO hiyo kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea video. Bofya menyu, peleka mbele, angalia kama sauti inaenda na midomo. Kosa utakaloliona hapo halikugharimu diski hata moja. Na ukiridhika, ISO hiyohiyo utaichoma mara sita bila kugeuza chochote tena.

Kazi ya pili, kuichoma ISO, hata Windows 10 inaiweza: bofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kuchoma ISO, weka alama kwenye kisanduku cha kuhakiki, basi. Mimi binafsi natumia ImgBurn kwa sababu inaniachia nichague kasi na inanieleza kinachoendelea. Toleo lake la mwisho, 2.5.8.0, ni la mwaka 2013 na bado linachapa kazi kwenye Windows mpya, jambo ambalo ni nadra kwa programu. Lawama yake ni moja: kifurushi chake cha kusakinisha kimewahi kusambazwa kikiwa na matangazo ya programu nyingine ndani. Kwa hiyo ukisakinisha programu yoyote ya bure, usibofye Next, Next, Next kama anayefukuza nzi. Soma kila dirisha, na ondoa alama kwenye chochote usichokiomba.

Kuhusu diski ya nne. Kasi ya 16x iliyoandikwa kwenye boksi ni ya juu kabisa inayoruhusiwa. Draivu nyembamba za laptopu nyingi hazifiki huko, na kadiri diski inavyozunguka kwa kasi ndivyo kasoro ndogo ya diski au mtikisiko wa draivu unavyoonekana kwenye alama, hasa karibu na ukingo, ambako ndiko mwisho wa mfereji. Ndiyo maana ilikwama ikiwa karibu kumaliza. Chagua 4x au 8x. Kwa 4x diski iliyojaa inachukua kama robo saa. Usishuke zaidi ya hapo kwa imani kwamba polepole ndiyo salama kabisa, kwani rangi ya diski za siku hizi imetengenezwa kwa kasi za kati kwenda juu. Wakati inachoma, weka laptopu mezani penye utulivu na usiihamishe. Draivu za tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina kinga ya kusimama na kuendelea pale kompyuta inapochelewa kuleta mzigo, lakini kinga hiyo haikukusudiwa kwa mtu anayetembea na laptopu kutoka sebuleni kwenda jikoni.

Na ile alama ya kuhakiki usiiondoe kwa haraka. Inaifanya draivu irudi mwanzo na kusoma ilichoandika, ikilinganisha na ISO. Ni dakika chache zaidi, na zinakuepusha na aibu ya bibi kukupigia kwa simu ya jirani akisema imeganda pale bwana harusi anapoingia.

Je, ulipie? Kwa kazi hii, hapana. Programu za kulipia kama Nero zina uzuri wake: kila kitu kiko sehemu moja, menyu zinapendeza, na kugeuza, kukata na kuchoma unafanya bila kuhama dirisha. Anayerekodi harusi kila Jumamosi atapata thamani ya pesa yake. Wewe una harusi moja. (Jina hilo la Nero ni utani wa Wajerumani walioitengeneza. Jina kamili ni Nero Burning ROM, na Rom kwa Kijerumani ni mji wa Roma, ulioungua mwaka 64 enzi za mfalme Nero. Wakachora Colosseum ikiwaka moto, na Colosseum ilijengwa baada ya Nero kufa.)

Ila hiyo iliyokrekiwa iondoe leo. Mtu anayevunja kufuli ya programu na kuigawa bure ana gharama zake, na mara nyingi anayezilipa ni wewe. Uzito wa laptopu baada ya kuiweka ni dalili ninayoiona kila wiki mezani kwangu. Iondoe, kisha chagua Windows Security ifanye ukaguzi kamili, pamoja na ule wa kuzima na kuwasha upya unaoitwa Offline. Flashi ya harusi usiichomeke humo mpaka ukaguzi uishe, na kabla ya yote nakili video hiyo mahali pa pili, kwenye kompyuta ya mtu mwingine ikibidi. Kwa sasa harusi nzima ya dada yako iko kwenye kidude kinachoweza kupotea mfukoni.

Mjomba sasa. CD ya redio ya gari nayo ina lugha mbili. Redio ya zamani kabisa inacheza CD ya muziki tu, ile ya dakika 80, ambamo kila wimbo unafumbuliwa na kuandikwa upya bila kubanwa. Humo kaswida kumi na tano au ishirini zinaenea, na Windows Media Player ya zamani inaichoma bila msaada wa mtu, ilimradi uchague aina ya Audio CD. Redio ya baadaye kidogo huwa imeandikwa MP3 usoni. Ikiwa ni hiyo, choma MP3 zenyewe kama mafaili ya kawaida kwa lile chaguo la pili la Windows, na CD moja ya MB 700 itabeba karibu saa 12 kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde. Mpigie umuulize redio yake imeandikwa nini. Na ununue CD-R. DVD-R ulizobakiza redio yake haitaziona kabisa, kwa sababu leza ya CD ni ya nanomita 780 na ya DVD ni 650. Ni kama kumpa mtu miwani ya mwenzake.

Nikuulize na mimi: deki ya bibi ina tundu la USB mbele? Nyingi zilizouzwa miaka ya mwisho zinalo. Kama lipo, flashi ndogo yenye video iliyogeuzwa kuwa AVI ya Xvid, sauti MP3, ikiwa imefomatiwa kwa mpangilio wa FAT32, itamhudumia bibi vizuri tu. Tena DVD-R za bei rahisi haziishi milele. Rangi yake inachoka kwa jua na joto, na diski iliyoachwa juu ya televisheni inayopigwa na jua la dirishani inaweza isifike harusi ya mdogo wako. Lakini flashi kwa mzee ina shida yake. Ni ndogo, wajukuu wanaichomoa wakaweke miziki yao, na inahitaji kuchagua faili kwa rimoti yenye maandishi yaliyofutika. Diski unaiingiza inacheza. Kwa bibi ningechoma diski mbili, moja ya kuangalia na moja ya kabatini, kwenye kava lake (hapo itabidi uongeze diski moja juu ya hizo sita). Andika jina kwa kalamu ya CD yenye ncha laini. Stika za karatasi usibandike, zinaifanya DVD iyumbe ikizunguka na zikianza kubanduka ndani ya deki utamtafuta fundi mwingine.

Ukitaka usalama zaidi, nunua DVD-RW moja uijaribie kwanza kwenye deki yoyote ya jirani, maana hiyo inafutika na kuandikwa upya. Baadhi ya deki za zamani haziisomi kwa kuwa inarudisha mwanga hafifu, kwa hiyo ikikataliwa hapo usikate tamaa. Choma DVD-R moja tu, ijaribu, ndipo uendelee na zilizobaki.

Kuna hali ambazo maelezo yangu hayatakufaa na itabidi utoke nyumbani. Ukichoma ISO iliyocheza vizuri kwenye VLC, kwa 4x, kwenye diski za maboksi mawili tofauti, na bado kuhakiki kunashindwa, leza ya draivu yako imechoka. Hakuna programu itakayoifufua, ni kununua draivu ya nje ya USB au kumpelekea fundi mwenye nzima akuchomee. Kama laptopu bado ni nzito baada ya ukaguzi, mpelekee mtu aiweke Windows upya. Kama flashi ya mpiga video itaanza kuomba kufomatiwa, ichomoe hapohapo, usijaribu kitu chochote ulichosikia kwa marafiki, ipeleke kwa anayerudisha data. Na kama diski inacheza kwenye deki tatu za Tanga ila ya bibi inaikataa, tatizo liko Lushoto: lenzi yenye vumbi au leza iliyozeeka. Siku ukienda kumsalimia, rudi nayo hiyo deki. Fundi hawezi kuitibu kwa kuangalia diski peke yake.